Nani Aliosha Sufuria Kubwa?

Sogea hapa karibu, msikilizaji wangu, usikae mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Nina jambo la kukueleza, na nitalieleza polepole, kwa hiyo usihofu kuachwa nyuma. Naanza kwa kukuambia mwizi ni nani. Sufuria kubwa la kikundi cha akina mama wa mtaa wetu, hapa Mwembesongo, lilichukuliwa na bibi mmoja wa Kinole, kijiji cha huko juu milimani Uluguru. Alilichukua mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama, huku akicheza na kutangaza kwa sauti kuu kwamba analichukua. Basi, siri imekwisha.

Najua nimevunja kanuni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika hadithi za upelelezi. Kila Jumamosi asubuhi majirani wachache hukutana kwenye kibaraza cha fundi cherehani, tunasoma sura moja, tunaichambua. Kanuni ya kwanza niliyowafundisha ni hiyo hiyo niliyoivunja sasa hivi: mwenye hatia afichwe mpaka kurasa za mwisho. Ila hadithi ya leo haimhusu aliyechukua. Inamhusu mama mmoja ambaye hakuchukua chochote, na jinsi sisi wasomaji wazuri tulivyokaribia kumng'oa mtaani kwa jina la mwizi.

Mama huyo ndiye mtunza stoo wa kikundi. Ni mjane, mzaliwa wa Mgeta kule juu milimani, Mkatoliki katika mtaa ambao wengi wetu ni Waislamu, na anauza karoti na kabichi sokoni. Stoo yenyewe ni chumba kimoja chenye turubai, sahani, vikombe na masufuria ya shughuli. Kukiwa na msiba au harusi, vyombo hutoka. Shughuli ikiisha, vyombo hurudi. Kikundi kina mwenyekiti na katibu, lakini ukitaka kujua nani anaaminiwa, tazama ufunguo uko kwa nani. Yeye hakuwa na ukoo hapa mjini. Ufunguo ule ndio uliokuwa ukoo wake. Alikuwa akiuvaa shingoni kwa uzi, pamoja na rozari.

Sasa nikueleze habari ya watani, maana bila hiyo hutatuelewa. Katika Uluguru kila ukoo una watani wake, na mtani ana kazi msibani. Wafiwa wanapolia, yeye anachekesha. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza njiani, na anaweza kuchukua kitu chochote cha nyumba, asishikwe, asikasirikiwe, mpaka wafiwa wamfuate wakakikomboe kwa kitu kidogo. Wazee husema msiba usiokuwa na mtani ni kama chakula kisicho na chumvi. Sisi wa mjini tumeufupisha utani kama tulivyofupisha mengine yote. Mtani wa mjini anachukua birika, anazunguka nyumba mara moja, anapewa soda, anarudisha birika. Shughuli imekwisha kabla soda haijapata joto.

Bibi wa Kinole hakuwa mtani wa mjini. Alikuja kwenye msiba wa mzee mmoja jirani yetu, na siku ya tatu, tulipomaliza kula, akasimama katikati ya uwanja.

"Huyu kaka yenu alikuwa mlafi!" akasema. "Mlimpikia humu miaka yote, hakuwahi hata kusema asante. Sasa mmeshamzika, sufuria la nini? Nalichukua mimi, nikawapikie wanaume wenye shukrani!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mjane wa marehemu, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya kwanza, akacheka hadi akashika kiuno. Bibi akalivaa lile sufuria kichwani kama kofia, akatoka nalo barabarani, akasimamisha bodaboda.

"Bibi, na huyo abiria wa pili vipi?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Huyu mume wangu. Endesha taratibu, ana tumbo."

Wakaondoka. Kuna jirani aliyerekodi video nzima akaiweka kwenye status ya simu yake, na baada ya saa ishirini na nne ushahidi wote ukafutika.

Mtunza stoo peke yake hakuliona tukio lile. Siku hiyo alikuwa sokoni, mzigo wake wa karoti ulikuwa umeshuka kutoka Mgeta na karoti hazingoji matanga. Jioni aliporudi aliletewa masufuria yamepangwa moja ndani ya jingine, akafungua stoo, akayapokea, akafunga.

Zikapita wiki tano, ikaja harusi. Stoo ikafunguliwa na sufuria kubwa halimo.

Utaniuliza, mtaa mzima mliona, mlisahauje? Swali zuri, na nimelifikiria sana. Nadhani ni hivi: utani kwetu si tukio. Ukimwuliza mtu nini kilitokea msibani, atakuambia nani alizimia, nani hakutokea, na wali ulikuwa mgumu. Hatakuambia mtani alitania, kama vile hatakuambia jua lilikuchwa. Na waliokumbuka kidogo waliamini bibi aliishia kona ya pili, akapewa soda yake, akarudisha mume wa watu. Kwa hiyo mwizi aliyejitangaza mwenyewe hakuingia hata kwenye orodha ya washukiwa.

Jumamosi iliyofuata nilifika kibarazani nikakuta watu wameshajaa. Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Mwalimu, miaka yote hii tumekuwa tukifanya mazoezi tu," akasema. "Leo ni mechi."

Katibu wa kikundi alikuwepo pia, mama mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira bila kipaza sauti. "Tunataka utuongoze, Mwalimu. Kwa utaratibu wa vitabuni."

Hapo ndipo nilipaswa kuwaambia waende kwa balozi wa nyumba kumi, au angalau wakaulizane nyumba kwa nyumba. Lakini nani aliwahi kuniomba nimwongoze kwa utaratibu wa vitabuni? Nikakaa vizuri. Nikaomba chai.

Nikawaeleza kwa upole, kama ninavyokueleza wewe. Nikasema: katika hadithi ya upelelezi, kwanza tunafunga mlango. Tunajiuliza ni watu wangapi walioweza kukifikia kitu kilichopotea. Katibu akajibu hapo hapo kwamba mwenye ufunguo ni mmoja. Nikasema tusikimbilie, maana mwandishi mzuri huweka mtu mwenye sura ya uovu mbele yetu ili tumshuku, kumbe siye. Mwenye hatia huwa ni yule ambaye hakuna anayemdhania. Mpole. Amekaa pembeni kimya akigawa chai.

Katibu akaacha kujipepea. "Mwalimu, nani hapa mtaani amekaa pembeni kimya akigawa chai?"

Shingo zote ziligeukia upande wa nyumba ya mtunza stoo, mgawa chai wa vikao vyetu.

Nisimame hapa kidogo. Mwandishi wa kwanza kabisa aliyemfanya mpishi mpole kuwa muuaji aliwashtua wasomaji wake, kwa sababu walizoea muuaji awe jambazi mwenye kovu. Aliivunja kanuni, na kuivunja kwake kulikuwa na maana: aliwaambia watu wasihukumu kwa sura. Wa pili akamwiga, wa kumi akamwiga, mpaka leo msomaji akimwona mpishi mpole ukurasa wa tatu anasema, "Huyo huyo." Kanuni iliyovunjwa mara nyingi hugeuka kuwa kanuni. Tulikuwa tumerudi kulekule kuhukumu watu kwa sura, isipokuwa sasa sura mbaya ilikuwa kinga na sura njema ndiyo iliyokuwa kosa.

Ushahidi ukaanza kumiminika. Sikuwahi kuona mtaa wetu ukiwa na macho makali namna ile.

"Ana masizi kwenye kanga," fundi akasema.

"Wewe mkeo hana?" nikauliza.

"Ya mke wangu nayajua yametoka wapi."

Mwingine akasema alimwona akipanda gari la Mgeta na furushi kubwa. Lilikuwa furushi la magunia matupu, kila mtu alijua, na kila mtu akakubaliana kwamba magunia matupu ndiyo mahali pazuri pa kufichia. Kisha fundi akainama, akashusha sauti. "Na kuna hili. Wiki mbili zilizopita alinipa karoti. Fungu zima. Bure. Kwa nini?"

"Kwa sababu ulimshonea binti yake sketi ya shule usiku wa kuamkia kufungua shule," nikasema.

"Hapana, Mwalimu. Alitaka kunifumba macho."

"Karoti zinafumbua macho, fundi," katibu akamwambia, na watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nakiri hilo. Lilikuwa darasa zuri. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kupata wanafunzi wenye bidii kama wale, na nilirudi nyumbani nimefurahi.

Baada ya hapo mtaa ulimbadilikia yule mama, na ulimbadilikia kwa adabu. Hakuna aliyemtukana. Watu waliokuwa wakimwita "we shoga, njoo" wakaanza kumwita "mama, habari za asubuhi, za nyumbani, za biashara." Kwetu ukiona umeanza kusalimiwa kwa utulivu namna hiyo, ujue umekwisha. Bombani wakampisha atangulie kuchota maji, wasije wakasimama naye. Yeye alielewa siku ya pili. Alinyamaza, na kunyamaza kwake tukakuongeza kwenye ushahidi.

Kilichobaki kilikuwa sura ya mwisho. Unaijua: mpelelezi anakusanya watu chumba kimoja, anatembea huku na huku, halafu ananyoosha kidole. Tukapanga iwe Jumapili alasiri, baada ya yeye kutoka kanisani. Katibu alikuwa ameshaamua kwamba ufunguo utachukuliwa pale pale, mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimevaa koti.

Akaja amevaa kitenge cha kanisani. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema kwa mazoea, kisha akajirekebisha, "hamjambo nyote?" Tukamwitikia hatujambo, tukampa kiti, na kiti tulikuwa tumekiweka katikati.

Nikaanza kutembea huku na huku. Kibaraza cha fundi ni kifupi; hatua tatu unafika kwenye cherehani. Nikasema maneno mengi ambayo sitayarudia. Nilipofika kwenye swali lenyewe, ulipeleka wapi sufuria, akaniangalia bila hasira.

"Mwalimu, shikamoo kwanza, maana tangu nimekuja hujanipa nafasi ya kukuamkia."

"Marahaba," nikasema. Nikajikuta nimekaa.

"Mimi siku ile sikuwepo msibani. Jioni nililetewa masufuria. Yalikuwa safi, yanang'aa, yamepangwa. Sikuyatoa moja moja, na hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini na mimi niulize. Sufuria la wali wa watu wote wale halioshwi na mtu mmoja kwa dakika tano. Lazima lilowekwe, lisuguliwe kwa mchanga. Nani aliosha sufuria kubwa?"

"Mimi niliosha la mchuzi," mmoja akasema.

"Mimi la chai."

"Mimi nilisuuza tu," katibu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika barabarani.

"Basi aliyeosha kubwa ajitokeze," mama akasema. "Huyo ndiye aliyelishika mwisho, na mimi nitamwomba anielekeze alikoliacha."

Hakujitokeza mtu. Na hapo fundi, mpelelezi wetu mkuu, akafungua mdomo kabla ya kufikiri, kama kawaida yake. "Litaoshwaje na lilikuwa na ukoko? Mimi nililia wiki nzima kwa ule ukoko! Nilikuwa nimeuwekea nafasi tumboni, yule bibi akaondoka na…"

Akazichukua pini zake akazirudisha mdomoni, ingawa hakuwa na nguo mkononi.

Kesho yake tulipanda Kinole, fundi, katibu, mtunza stoo na mimi, tumebeba jogoo. Tulimkuta bibi uani, na sufuria letu limekaa juu ya mafiga matatu, ndani limejaa maharage ya kulowekwa. Hakutuamkia wala hakungoja tumwamkie.

"Mmechelewa!" akapiga kelele. "Nimeshazaa naye watoto wawili! Wiki zote hizi naangalia njia, nasema leo watakuja, leo watakuja. Au huyo marehemu wenu mlimwokota? Mtani hajakombolewa, na ninyi mnalala usingizi! Mmemzika nusu!"

Katibu akajaribu kueleza kwamba tulidhani limeibwa. Bibi akaweka mikono kiunoni.

"Limeibwa? Nani aliwahi kuiba huku anacheza ngoma?"

"Tulikuwa tukifuata vitabu, bibi," fundi akasema.

"Vitabu vinakula wali?"

Akampokea jogoo, akamkagua, akasema amekonda kama waliomleta, akamwaga maharage kwenye beseni na kutukabidhi sufuria. Kwa upande wake mambo yalikuwa yamenyooka. Tukateremka nalo mlimani, na jioni mtaa ulitupokea kwa vigelegele.

Ningekuwa naandika kitabu, hapa ndipo ningeandika "mwisho". Siri imefumbuliwa, kitu kimerudi. Na kweli kwa siku mbili tatu niliishi kana kwamba ndio mwisho. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza. "Mwalimu kalifumbua!" Sikulifumbua mimi. Lilifumbuliwa na mshukiwa, kwa swali moja alilolipata kwa kuwa anajua kusugua sufuria. Lakini pongezi ni kitu kitamu na sikuzikataa.

Jumatano mtunza stoo akapeleka ufunguo kwa katibu. Hakuja na maneno mengi. Alisema tu kwamba mavuno ya karoti yakiisha atarudi Mgeta kwenye ardhi ya upande wa mama yake, kule ambako akikaa kimya watu wanajua kwamba amechoka tu.

Katibu alikuja kwangu mbio. "Mwalimu, anaondoka! Na tumeshamsafisha!"

"Tulimsafishaje?"

"Sufuria si limepatikana?"

Hapo ndipo nilipokiona kitu ambacho sikukiona katika hadithi zangu zote. Fungua yoyote kati ya hizo. Kuna washukiwa sita au saba. Mpelelezi anachimbua maisha yao, anawafokea, anafungua barua zao, halafu anamkamata mmoja. Na wale wengine? Wanatoweka kwenye karatasi. Hakuna sura inayoeleza walilalaje siku ile, au nani aliwanunulia tena mboga. Sisi waandishi tunajisifu kwa kuvunja kanuni: tunamfanya mpelelezi kuwa muuaji, tunamfanya marehemu kuwa hai. Hiyo moja hatuigusi, kwa sababu haina mshtuko. Kuomba radhi hakufanyi msomaji afunue ukurasa haraka.

Nikanunua sukari kilo mbili nikaenda kwake. Nilimkuta jikoni akipanga karoti. Nikaanza kueleza, na unanijua sasa, nikieleza huwa naeleza. Nilimweleza jinsi kanuni ya mtu asiyedhaniwa inavyofanya kazi. Alinisikiliza kwa subira mpaka nikaishiwa.

"Na sukari ya nini, Mwalimu? Nina mgonjwa?"

"Ni ya… kukupa pole."

"Pole umenipa hapa jikoni, tuko wawili na karoti. Mwizi ulinifanya kule kibarazani, watu wamejaa." Akafunga fungu lingine kwa uzi wa mgomba. "Sukari rudi nayo. Utainywea chai."

Jumamosi nilikwenda kibarazani bila kitabu. Watu walewale walikuwepo. Yeye pia alikuwepo, maana nilimtumia ujumbe asubuhi na akaja, akasimama pembeni ya barabara na beseni lake kichwani, asiingie. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya ukurasa mzima, nikayaacha mfukoni. Nikasema: "Mama huyu hakuiba. Mimi nilisema ameiba. Nilikosea." Nikakaa. Nimefundisha maisha yangu yote na hilo lilikuwa somo fupi kuliko yote.

Katibu akafuata, kwa sauti yake yote, mpaka wauza mitumba upande wa pili wakageuka. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Fundi alikuwa wa mwisho. Alizungusha gurudumu la cherehani, akalisimamisha, akalizungusha tena.

"Karoti zilikuwa nzuri," akasema.

"Fundi," katibu akamwambia.

"Nasema! Zilikuwa nzuri, na ulinipa kwa wema, na mimi nilikosea."

Yule mama akashusha beseni. Hakutoa hotuba. Alipanda kibarazani, akakaa kwenye benchi pamoja na wengine, na katibu akauvua ufunguo shingoni mwake mwenyewe akamrudishia. Akautazama, akauvaa. Akasema kwamba tangu leo kila chombo kitahesabiwa mbele ya watu wawili, yeye na anayerudisha, na asiyetaka kuhesabu akapikie kwenye kikombe. Karoti za msimu ule zimekwisha muda mrefu sasa. Bado yupo.

Na wewe, ikiwa umewahi kumtaja mtu kwa kosa ambalo baadaye ulijua hakulifanya, fanya hivi. Nenda mahali palepale ulipomtajia, mchana, wale waliokusikia wakiwepo na yeye mwenyewe akiwepo. Usibebe kitu mkononi. Simama, sema hakufanya, sema ulikosea, kisha kaa chini na unyamaze.